Maswali yanayoulizwa sana: kutumia rangi kuzikamata dawa za maumivu kwenye pleti ya TLC

Haya ni maswali ninayoulizwa kila muhula na wanafunzi wa famasia na wa maabara, mengine yanaingia wasap saa sita usiku kesho yake kuna praktiko. Nimechoka kuandika jibu lilelile kila mara kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mifano yangu mingi ni vidonge vya kawaida tu: parasetamoli, asprini, ibuprofeni, diklofenaki, pamoja na kafeini ambayo siyo dawa ya maumivu kivyake ila inawekwa humo humo kusindikiza. Huko mbele nitawagusa kina tramadoli na mofini.

Kwani TLC ni nini, kwa lugha ya nyumbani?

Kromatografia ya tabaka jembamba. Una kibao cha aluminiamu au kioo kilichopakwa unga mweupe wa silika jeli, unene wake kama 0.2 mm hivi. Unadondosha tone dogo sana la dawa iliyoyeyushwa karibu na chini, unasimamisha kibao kwenye chemba yenye solventi kidogo (kimiminika cha kuyeyushia), solventi inapanda yenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na dawa zinabebwa kila moja kwa mwendo wake. Ile inayoipenda silika inabaki chini, isiyoipenda inakimbia juu. Solventi ikikaribia ukingo wa juu unatoa, unapiga mstari wa penseli ilipofikia, unakausha.

Umbali wa doa ukigawanya kwa umbali wa solventi unapata Rf. Ukitumia ethili asetati yenye asidi asetiki asilimia 0.5, kafeini inabaki chini kabisa, parasetamoli inafuata, afu asprini, na ibuprofeni iko juu. Namba zenyewe sikupi makusudi, maana zinabadilika na unyevu wa siku hiyo na uzee wa pleti, mtu anakariri 0.45 halafu analia akipata 0.38. Weka stendadi, yaani dawa halisi unayoijua, pembeni kwenye pleti hiyohiyo, hapo huhitaji kukariri chochote.

Sasa hizo dawa zote ni nyeupe, mnazionaje kwenye unga mweupe?

Hapo ndipo rangi zinapoingia. Neno lenyewe kromatografia limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni kuandika kwa rangi, na Mikhail Tswett aliyeanzisha mambo haya Warsaw mwaka 1903 alikuwa anatenganisha rangi za majani, kwa hiyo yeye aliziona kwa macho bila shida. Shida ilikuja kwetu watu wa dawa. Waliotangulia kufanya kwenye tabaka jembamba, Izmailov na Shraiber, walikuwa Kharkiv mwaka 1938 na walikuwa wanapima dawa za mimea, na wao walitumia mwanga wa UV, ule wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Egon Stahl ndiye aliyekuja kuweka utaratibu wa silika jeli tunaoufuata mpaka leo, kuanzia mwaka 1956.

Kwa hiyo dawa ipo pale, imekaa kimya, na kazi yako ni kuichokoza mpaka ijitokeze.

Rangi ipi ni bora kuliko zote?

Hamna. Na hili ndilo swali linaloharibu ripoti nyingi kuliko yote. Watu wanatafuta rangi moja ya kupaka na kusema "imegeuka bluu, basi ni parasetamoli". Siyo hivyo jamani. Kila rangi inaiuliza molekuli swali moja tu (majina haya ni ya riejenti, yaani kemikali za kupaka, nitazifikia moja moja huko chini). UV inauliza: una pete ya benzini au kitu cha namna hiyo kinachomeza mwanga? Bromokresoli inauliza: wewe ni asidi? Pamanganeti na ferisianidi zinauliza: unaweza kutoa elektroni? Dragendorff anauliza: una naitrojeni yenye tabia ya besi? Ninihidrini inauliza: una amini ya mwanzo?

Jibu la swali moja linawafaa wengi. Bluu ya ferisianidi inatoka kwa parasetamoli, inatoka kwa mofini, inatoka kwa vitamini C pia. Lakini kitu kilichosimama urefu uleule na stendadi, kikameza UV, kikakataa kuwa asidi, afu kikatoa bluu chapchap, sasa hapo umembana. Ni kama kumtambua mtu kwenye mnada, ukisema "kavaa shati jeupe" hujasema kitu, ongeza ana ndevu, anachechemea na ana mbuzi wawili, utampata.

Nina taa ya kukagulia noti dukani, itafaa badala ya taa ya UV ya maabara?

Haitafaa. Nimeshaona wanaojaribu na nawaelewa, taa ya maabara ni bei. Pleti iliyoandikwa F254 ina unga wa zinki silikati wenye manganizi ndani yake, unaong'aa kijani ukipigwa na mwanga wa nanomita 254. Dawa ikikaa juu yake inameza ule mwanga, kwa hiyo unaona doa jeusi kwenye uwanja wa kijani. Taa za noti kawaida zinatoa nanomita 365 na kwenda juu, na huo ule unga hauujali, pleti itabaki giza na wewe utasema dawa haipo.

Ila usidharau 365 kabisa, vipo vitu vinavyong'aa vyenyewe. Asidi salisiliki kwa mfano inang'aa bluu kwenye UV, nitarudi kwake. Na taa ya 254 usiitazame hata sekunde, inaunguza jicho na maumivu yanakuja baadaye, usiku, unahisi kama kuna mchanga machoni.

Ibuprofeni yangu haionekani kwenye UV, nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Ibuprofeni inameza mwanga kidogo sana pale 254, ukilinganisha na parasetamoli ambayo kilele chake kiko jirani kabisa na hapo. Tone lenye mikrogramu 2 za parasetamoli linaonekana jeusi kama mkaa, ibuprofeni ya kiasi hichohicho unaweza ukaipita. Pakia zaidi, mara tatu mpaka tano, ukiachia tone likauke kabla ya kuongeza lingine juu yake. Afu usiishie UV, nenda bromokresoli.

Hiyo bromokresoli inachanganywaje?

Bromokresoli ya kijani, gramu 0.04, unaiyeyusha kwenye etanoli mililita 100. Itakuwa na rangi ya njano hivi. Kisha unaongeza sodiamu hidroksaidi ya 0.1 M tone kwa tone, unakoroga, mpaka bluu inaanza kujitokeza. Hapo simama. Ukizidisha besi, madoa yatashindwa kuigeuza, yaani dawa itakuwa na asidi yake lakini haina nguvu ya kushinda besi yote uliyoimwaga humo.

Rangi hii ni njano chini ya pH 3.8 na bluu juu ya 5.4. Sasa angalia wateja wetu kwa pKa, namba inayoonyesha ukali wa asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi: asprini pKa yake ni karibu 3.5, diklofenaki kama 4, naproksini 4.2, ibuprofeni iko kati ya 4 na 5. Wote hao ni asidi za kutosha, wanatoa doa la njano angavu kwenye uwanja wa bluu. Parasetamoli pKa yake ni 9.5, hiyo haiigeuzi bromokresoli ng'o. Kafeini nayo hola. Kwa hiyo kwenye kidonge cha mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli, UV inakuonyesha madoa mawili na bromokresoli inakuonyesha moja tu, na hilo moja ndilo diklofenaki. Mi hapo huwa nafurahi kama mtoto, miaka yote hii.

Unaitumbukiza pleti haraka unaitoa, au unapuliza kwa chupa ya spreya laini. Haihitaji hoti pleti.

Mbona pleti yangu nzima imekuwa njano?

Kwa sababu umeacha asidi asetiki kwenye pleti. Ndiyo ileile uliyoiweka kwenye solventi ili madoa yawe mviringo yasiburuze mikia. Inachemka nyuzi 118 na inang'ang'ania silika, kwa hiyo pleti unaiona imekauka kumbe ethili asetati ndiyo imeondoka na asidi imebaki. Ukiipaka bromokresoli inaona asidi kila mahali na inageuka njano kila mahali.

Hii ilinitokea mimi mwenyewe mara ya kwanza nafundisha, mbele ya wanafunzi arobaini hivi, nimejisifia kabisa kwamba sasa mtaona maajabu, nikaitoa pleti imekuwa ya njano kama ndizi mbivu. Mmoja nyuma akasema "mwalimu, dawa imeenea". Toka siku hiyo natumia drya ya nywele, upepo wa moto, dakika tano mpaka kumi, mpaka harufu ya siki iishe, na bado naiachia ipoe kwanza. Kama una haraka ya namna hiyo basi siku hiyo tumia rangi nyingine.

Kinyume chake nacho kipo. Ukitumia solventi yenye amonia, diklofenaki na wenzake wanabaki kama chumvi, siyo asidi tena, na bromokresoli haiwaoni.

Kwenye kidonge cha kuchemka majini naona doa la njano chini kabisa pale nilipodondoshea, ni dawa gani?

Asidi sitriki. Vidonge vile vinachemka kwa sababu ya asidi sitriki na baikaboneti, na asidi sitriki inaipenda silika sana, haitoki ilipo. Siyo dawa ya maumivu, iache.

Parasetamoli ndiyo ipakwe nini sasa?

Feriki kloraidi na potasiamu ferisianidi. Unatengeneza kila moja peke yake asilimia 1 kwenye maji, na unapotaka kutumia ndiyo unachanganya nusu kwa nusu, siyo jana yake. Parasetamoli ina fenoli (OH iliyoshikamana na pete ya benzini) na inatoa elektroni bila kubembelezwa, inabadilisha chuma na unapata bluu ya Prussia, bluu nzito kabisa. Asprini na ibuprofeni zinakaa kimya.

Tatizo lake ni kwamba uwanja wenyewe nao unaanza kuwa bluu bluu kijani kadiri dakika zinavyokwenda. Kwa hiyo unasoma mapema, unapiga picha, unasuuza kwa maji taratibu. Na usije ukaimimina ferisianidi kwenye asidi kali ukapasha moto, hapo unatengeneza gesi ya sianidi na hatutakuwa na mazungumzo mengine.

Kama huna ferisianidi, potasiamu pamanganeti ipo, zile punje za zambarau zilizokuwa zinauzwa famasi za kusafishia vidonda. Maabara tunachanganya gramu 1.5 na potasiamu kaboneti gramu 10, sodiamu hidroksaidi ya asilimia 10 kama mililita 1.25, kwenye maji mililita 200. Inatoa doa la njano kahawia kwenye uwanja wa zambarau. Ila pamanganeti haichagui sana, chochote kinachooksidika kinaonekana, na vidole vyako vitakuwa kahawia siku tatu.

Nina asprini ya siku nyingi inanukia siki, TLC itaonyesha nini?

Swali zuri kuliko yote, na kwa sisi wa pwani ni la kila siku. Asprini ikipata joto na unyevu inavunjika, inarudi kuwa asidi salisiliki na asidi asetiki, na ile harufu ya siki ndiyo hiyo asidi asetiki. Niliwahi kusahau chupa dirishani kwenye maabara moja Dar, kifuniko hakijafungwa vizuri, nikaikuta baada ya masika, ukifungua unafikiri mtu anatengeneza kachumbari.

Ukiiweka kwenye pleti pembeni ya asprini mpya, UV itakuonyesha kitu cha ziada kinachong'aa bluu, hiyo ni asidi salisiliki. Ukipuliza feriki kloraidi peke yake bila ferisianidi, asidi salisiliki inatoa zambarau safi sana, na asprini yenyewe haitoi kitu kwa sababu ile fenoli yake imezibwa na asetili. Yaani rangi moja inakutenganishia dawa na kuharibika kwa dawa, kwenye pleti moja, kwa riejenti ya bei ndogo. Bromokresoli hapa ingekudanganya maana wote wawili ni asidi, ungeona njano mbili ukasema ni dawa mbili.

Angalizo: asprini ukiiyeyusha kwenye methanoli ukaiacha mezani mpaka kesho itaanza kuvunjika yenyewe, utamlaumu mwenye kiwanda bure. Yeyusha leo, tumia leo.

Ayodini nayo? Naweza kutumia ya kusafishia vidonda?

Ayodini ya punje ndiyo inayotakiwa. Unaweka punje chache kwenye chupa yenye mfuniko, wengine wanazichanganya na unga wa silika mkavu zinaenea vizuri, unaitumbukiza pleti iliyokauka, mvuke wa zambarau unaikamata dawa na doa linakuwa kahawia. Ile ya vidonda ya povidoni ayodini imefungwa kwenye polima, mvuke wake ni kidogo mno, utasubiri mpaka uchoke.

Ayodini inafaa sana kwa ibuprofeni na kafeini. Uzuri mwingine ni kwamba mara nyingi haiharibu, ukiitoa pleti ikakaa hewani madoa yanafifia na unaweza kupaka rangi nyingine. Ubaya ni huohuo, yanafifia, kwa hiyo zungushia penseli pale pale unapoitoa, usisubiri mwenzako aje aone.

Nianze na ipi nimalizie na ipi?

Isiyoharibu kwanza. UV, unazungushia penseli. Afu ayodini, unazungushia, unaiacha ipeperuke yote. Halafu bromokresoli kama unashuku kuna asidi. Ferisianidi, pamanganeti na chochote chenye asidi ya salfa ni mwisho wa safari, pleti haina kazi tena. Kama una dawa ya kutosha kata pleti mbili tatu uziendeshe kwenye chemba moja, kila moja ipate rangi yake, maana kurundika rangi nne kwenye kibao kimoja mwisho wake ni uchafu tu na kila mtu anaona anachotaka kukiona.

Tramadoli, kodeini, mofini, nazo zinapakwa bromokresoli?

Hapana, hao ni besi. Hao ni wateja wa Dragendorff, riejenti ya bismathi na potasiamu ayodaidi iliyopewa jina la profesa wa famasia aliyekuwa Dorpat, leo Tartu kule Estonia, kwenye karne ya 19. Wanatoa rangi ya chungwa kwenye uwanja wa njano hafifu. Ayodoplatineti nayo inawakamata, inatoa zambarau bluu, ni nzuri ila ina platinamu ndani na bei yake utaisikia.

Solventi za dawa hizi huwa tunaweka amonia ili zisikwame chini, kwa hiyo kisa ni kilekile cha siki ila kimegeuzwa: amonia au amini ikibaki kwenye pleti inaharibu uwanja mzima. Kausha.

Kutofautisha mofini na kodeini, ile ferisianidi na feriki kloraidi inasaidia. Mofini ina fenoli huru, inatoa bluu. Kodeini ile nafasi imezibwa na methili, inabaki kimya. Ni mchezo uleule wa asprini na asidi salisiliki, mlango uko wazi au umefungwa. Na hizi ni dawa za kulevya kisheria, stendadi zake zinahitaji kibali na rejista, usije ukaniambia umezipata kwa rafiki.

Kuna dawa nimepaka kila kitu haionekani, mgonjwa ameandikiwa maumivu ya mishipa ya fahamu.

Nabashiri ni gabapentini au pregabalini. Hazina pete ya benzini, UV inapita kama hakuna mtu. Lakini zote zina amini ya mwanzo, kwa hiyo paka ninihidrini, pasha moto kwenye hoti pleti au oveni ya nyuzi kama 105, na zambarau itatokea. Hakikisha una glavu kabla hata ya kuishika pleti, maana ninihidrini inakamata jasho la vidole pia, polisi wanaitumia kutafuta alama za vidole kwenye karatasi, na wewe utazipata alama zako mwenyewe zimejaa kote.

Binzari je? Tulifundishwa sekondari kwamba ni indiketa.

Ni indiketa kweli ila ya upande mwingine. Binzari inageuka kutoka njano kwenda nyekundu kwenye besi, kuanzia pH kama 7.4 hadi 8.6. Ibuprofeni ni asidi, binzari ilikuwa njano na itabaki njano, hamna kilichotokea. Indiketa lazima igeuke karibu na pale dawa yako ilipo, ndiyo maana bromokresoli na siyo binzari. Ibakie jikoni.

Rangi ikikolea maana yake dawa ni nyingi? Naweza kupima kiasi?

Kwa kukadiria, ndiyo, kama unacho cha kulinganisha. Hivi ndivyo Minilab inavyofanya kazi, lile begi la kupima dawa lililotengenezwa na mfuko wa GPHF wa Ujerumani, ambalo Tanzania tumelitumia miaka mingi, toka enzi mamlaka ya dawa ikiitwa TFDA kabla haijawa TMDA mwaka 2019, hata kwenye vituo vya mipakani. Unadondosha sampuli yako pamoja na stendadi ya asilimia 100 na nyingine ya asilimia 80, mikrolita 2 kila moja. Doa la sampuli likiwa dogo na hafifu kuliko la 80, dawa hiyo ina mashaka.

Hesabu ya kuandaa ni rahisi: kidonge cha miligramu 500 ponda, yeyusha kwenye mililita 50 unapata miligramu 10 kwa mililita, chukua mililita 1 uifikishe 10, sasa una miligramu 1 kwa mililita, na mikrolita 2 zake ni mikrogramu 2. Wanga na talki havitayeyuka, acha vitulie chini chukua maji ya juu.

Usipakie kwa mkono mzito. Doa likishajaa rangi halikolei tena, 100 na 80 yote yanaonekana sawa na jicho halina tena la kusema. Na usilinganishe dawa tofauti kwa ukali wa rangi. Panadol Extra ina parasetamoli 500 na kafeini 65, kafeini kuwa hafifu pale siyo kasoro.

Na dawa ikipita TLC bado hujasema inayeyuka vizuri tumboni au haina uchafu mdogo mdogo. Ikishindwa, au ikileta mashaka, inaenda kwenye HPLC, mashine ya kromatografia inayopima kwa usahihi zaidi, kabla mtu hajafungiwa duka.

Nasikia dawa za mitishamba za viungo zinachanganywa na diklofenaki, TLC itaikamata?

Inaweza, na jambo hili limeshaonekana nchi mbalimbali: unga wa "asili kabisa" unaoondoa maumivu ya magoti kwa nusu saa. Shida ni kwamba majani yenyewe yana madoa kibao, kuna klorofili, kuna tanini, tanini zinatoa bluu kwenye feriki kloraidi kama zimelipwa. Kwa hiyo hapa rangi moja ndiyo haifai kabisa. Weka stendadi ya diklofenaki, weka sampuli, na weka njia ya tatu (tone la tatu pembeni kwenye pleti hiyohiyo) yenye sampuli uliyoiongezea diklofenaki mwenyewe. Kama kweli ipo, hiyo njia ya tatu itatoa doa moja lililonenepa. Kama haipo utaona doa jipya ambalo kwenye sampuli halikuwepo. Endesha kwenye solventi mbili tofauti, UV na bromokresoli zote zikubaliane, ndiyo uanze kumshuku mtu. Hapo bado ni kushuku.

Kwanini mnakataza kalamu ya wino?

Wino ni rangi, na rangi zinapanda na solventi. Utapata madoa mazuri ya wino. Tumia penseli, na usikwangue silika.

Hivi rangi na dawa za maumivu zina undugu wowote au ni bahati tu?

Zina undugu wa damu. Bayer ilianza mwaka 1863 kama kampuni ya rangi za nguo. Mwaka 1886 madaktari wawili Strasbourg, Cahn na Hepp, walikuwa wanampa mgonjwa naftalini, duka likawapa kwa makosa asetanilidi, iliyotokana na anilini ya viwanda vya rangi, na homa ikashuka. Mwaka uliofuata Bayer wakatoa fenasetini, wakitumia mabaki ya kiwanda chao cha rangi. Fenasetini mwilini inageuka kuwa parasetamoli. Asprini ya Hoffmann ikaja 1897, kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo ukipaka rangi juu ya parasetamoli umewakutanisha ndugu waliopotezana, kila nikiwaambia wanafunzi hili wanacheka, ila mtihani wakiulizwa wanalikumbuka.

Rangi niliyopata siyo ileile ya kwenye kitabu, nifute?

Usifute. Andika ulichokiona na stendadi imetoa nini. Stendadi nayo ikitoa rangi hiyohiyo ya ajabu basi ni riejenti au pleti yako, sampuli haina hatia. Stendadi ikiwa sawa na sampuli ikawa tofauti, hapo una habari.

Nikishamaliza pleti naitunzaje?

Picha, kwa simu, mara tu rangi inapotokea, na iwe na lebo ndani ya picha. Bromokresoli ikikaa inapauka, ayodini inaondoka, ferisianidi inakuwa bluu yote. Nimeletewa pleti nyeupe pee zimefungwa kwenye bahasha, "mwalimu jana zilikuwa na madoa". Sawa, nakuamini, ila maksi zilikuwa za jana.